Kiwavi kwenye kalenda ya ofisi

Nilifanya kazi pakihausi, pale maua yanapochambuliwa na kufungwa, miaka mitatu na nusu, shamba fulani la waridi kule Naivasha upande wa ziwa, jina nitaliacha tu, na kama umewahi kusimama kwa meza ya kugredi unajua macho yanabadilika. Huoni ua tena, unaona makosa. Unachukua stemu, yaani ua na shina lake, unaizungusha mara moja, kichwa, petali, shingo, majani, unaipima urefu kwa ubao, sentimita 40, 50, 60, na mkono ushaenda kwa inayofuata kabla akili haijasema kitu. Doa la kahawia kama tone la chai, hio ni ukungu wa botraitisi, rejekti. Ukingo wa petali umekauka kama karatasi, hao ni wadudu wadogo wa thripsi, rejekti. Shingo imelala, rejekti. Jani lina tundu, hapo hata huulizi. Na Mungu akusaidie kiwavi kipite kwa meza yako, manake kule Ulaya wakipata kimoja tu cha yule nondo wanaemuogopa mzigo wote unaweza kukataliwa, alafu wewe unaitwa ofisini ueleze macho yako yalikuwa yameenda wapi.

Sasa siku moja nikaitwa ofisini, sio kwa kiwavi, ilikuwa mambo ya likizo. Nimesimama pale nangoja supavaiza amalize simu, naona kalenda ukutani, zile wanunuzi wa Uholanzi hutuma kila Disemba. Mwezi huo ulikuwa na mchoro wa zamani, maua yamejaa kwenye chombo cha glasi, nyuma giza tupu. Na macho yangu bila hata kuambiwa yakaanza kugredi. Jani la chini, matundu. Waridi la katikati limefunguka kupita kiasi, kesho linamwaga petali zote. Tulipu moja imeinamisha kichwa kama mtu amesinzia kanisani. Nzi. Alafu pale kwa ukingo wa jani, kiwavi. Kijani, mnene, ametulia kama mtu ameshalipa rent ya mwezi.

Nikaenda nikamwambia yule mama tuliyekuwa naye meza moja. Yeye ndiye alinifundisha kazi, alikuwa amekaa kwa maua kuliko mimi nimekaa shule, na alikuwa na mdomo. Saa ya chai akapitia ofisini akijifanya anauliza kitu, akarudi akasema, "Aliyepanga hayo maua angefutwa kabla ya lanchi." Tulicheka siku nzima, mtu akiokota stemu mbaya tunaambiana peleka hio kwa kalenda.

Lakini hio kitu haikunitoka kichwani. Manake kwa meza yangu kiwavi kinaweza kupita kwa bahati mbaya, nimechoka, ni wiki ya Valentaini, tumesimama tangu asubuhi. Kwa mchoro hakuna bahati mbaya. Ili kiwavi kiwe pale lazima mtu alichanganya rangi ya kijani, akachukua brashi nyembamba kama unywele, akakiweka. Alichora ua zuri kabisa alafu akaliharibu kwa mkono wake mwenyewe. Mbona?

Kazi niliacha (mgongo, na mambo mengine), na jioni nikaanza kutafuta hio michoro kwa simu. Sio lazima uwe msomi. Makumbusho ya Rijksmuseum, Amsterdam, wameweka picha zao kwa intaneti, unapakua bure, unazumu mpaka unaona mikwaruzo ya rangi, ila uwe na bando. Mauritshuis ya The Hague nao wana zao. Huko ndiko nilikutana na mchoraji Ambrosius Bosschaert, mzaliwa wa Antwerp mwaka 1573, aliyeishi na kufanya kazi Middelburg, mji wa bandari huko Uholanzi, na mchoro wake wa karibu 1618, chombo cha maua kimewekwa dirishani. Ni mdogo, sentimita 64 kwa 46, unaweza kuubeba kwapani. Nyuma sio giza, ni anga ya buluu na nchi imeenda mbali hadi inapotelea. Juu tulipu, katikati waridi, pale chini kwa dirisha kuna makombe ya bahari za mbali na ua moja limelala lenyewe nje ya chombo. Na majani, eh, majani yametobolewa vizuri kabisa, mdudu ameshiba akaenda zake.

Kitu cha kwanza nilichogundua nilikipata kama mtu wa maua, sio kama mtu wa sanaa: hayo maua hayawezi kukaa chombo kimoja. Kule kwao tulipu ni ya Aprili na Mei, waridi linakuja Juni, yakianza haya yale yameshakufa. Sisi hapa kwa ikweta hatujui hio shida, waridi linatoka Januari mpaka Januari, ndio maana sikuiona mwanzoni. Wachoraji wale walikuwa wanachora kila ua kwa wakati wake, wanaweka karatasi, alafu baadaye wanaunganisha. Mchoraji Jan Brueghel wa Antwerp, yule mkubwa, mwaka 1606 alimwandikia Kardinali Borromeo wa Milano akimweleza kwamba alisafiri hadi Brussels kwenda kuchora maua ambayo Antwerp hayakuwepo. Yaani shada ambalo halijawahi kuwepo duniani hata siku moja. Ukijua hivyo mchoro unabadilika, ule utulivu wake unakuwa kitu cha ajabu kidogo, kama picha ya familia ambayo babu na kitukuu wamekaa pamoja na hawakuwahi kuonana. Na inanichekesha kidogo kwamba leo mtu wa Amsterdam anaweka waridi mezani mwezi wa kwanza na theluji iko nje na haoni maajabu yoyote, manake sisi tulilikata siku chache kabla, tukaliweka koldrumu, chumba cha baridi, usiku likapanda ndege Nairobi, na pengine likapita mnada wa Aalsmeer ambako bei inaanza juu inashuka mpaka mtu abonyeze.

Basi sasa maana. Ukitafuta maana ya maua kwenye michoro utapewa orodha: waridi ni mapenzi, ama Bikira Maria, yungiyungi ni usafi, popi ni usingizi na kifo, kipepeo ni roho, nzi ni uozo, tulipu ni mali na majivuno. Nilizikariri zote. Alafu nikagundua zinanifanya nisione, nafika kwa mchoro nahesabu tu, waridi, tiki, kipepeo, tiki, kama niko kwa meza ya kugredi tena. Orodha sio uongo, hizo maana watu walizijua. Lakini ua halisemi neno moja kila mahali. Huyo huyo Borromeo, aliyekuwa kardinali Mkatoliki, aliyapenda maua ya Brueghel kwa furaha, alipenda kuyatazama wakati wa baridi nje hakuna kitu, kwake ilikuwa ni zawadi za Mungu zimekusanywa. Na Brueghel alipomchorea kito cha almasi chini ya chombo, Borromeo aliona ndio, huyu anasema maua haya yana thamani ya vito. Hakuna msiba hapo. Ukivuka kwenda kwa Waprotestanti wa Uholanzi, shada hilo hilo linaanza kunukia Mhubiri, ubatili mtupu, mambo yote ni ubatili. Na bado usiwaamini sana na hao, manake wengine walikuwa wanataka tu kuonyesha wageni kwamba wana pesa. Bosschaert mwenyewe alifariki The Hague mwaka 1621 akiwa amepeleka mchoro wa maua kwa mtu wa nyumba ya Prince Maurits, mtawala wao, kazi ya gilda 1,000, gilda ni hela yao ya zamani. Kwa hela hio mtu haning'inizi ukutani mahubiri peke yake.

Mimi hapo nilikuwa na faida moja, nimekaa mazishi mengi. Isaya 40 imesomwa nikisikia hadi naijua kabla mchungaji hajafungua, "Majani yakauka, ua lanyauka." Unasimama pale jua kali, mashada yamewekwa juu ya udongo, na mtu yeyote aliyefanya kazi pakihausi anajua yale maua yana masaa mangapi. Waridi bila maji kwenye jua la saa saba, saa kumi limeshalala. Kwa hiyo nilipoona tulipu imeinama sikuhitaji orodha ya kuniambia hio inamaanisha nini. Naijua kwa vidole.

Na kuhusu tulipu nikuambie kitu kilichonifurahisha kuliko vyote. Zile zilizokuwa ghali kupita zote miaka ya 1630, wakati watu walichizi mpaka wanauziana vitunguu vya tulipu, yale mashina ya chini ya kupandia, ambavyo bado viko ardhini, kisha Februari 1637 bei ikaanguka mara moja, zilikuwa ni zile zenye michirizi, nyeupe na moto mwekundu umepanda petali. Maarufu zaidi ilikuwa Semper Augustus. Ukiona mchoro wa enzi hio lazima zipo, zimepewa nafasi ya juu kabisa kama bibi harusi. Sasa ile michirizi ilikuwa ni ugonjwa. Virusi, vinaenezwa na vidukari, wale wadogo wadogo tunawapigia dawa kila wiki. Waholanzi walijua tu kwamba ua limevunjika rangi, hawakujua sababu, mpaka mwaka 1928 mwanasayansi wa Uingereza anaitwa Dorothy Cayley akaonyesha kwamba ni ugonjwa unaoweza kuambukizwa kutoka kitunguu kimoja hadi kingine. Na ua lenyewe linazidi kudhoofika mwaka hadi mwaka, kitunguu kinakuwa kidogo, ndio maana lilikuwa adimu, ndio maana lilikuwa ghali. Wakati nasoma hii nilisimama nikatembea nyumbani. Ua walilolithamini kuliko yote ni rejekti! Ni sisi tungelitupa kwenye pipa bila kuangalia mara mbili.

Tangu hapo mimi nikifika kwa mchoro wa maua sianzi na ua zuri, natafuta kasoro. Iko wapi, imefichwa ama imewekwa mbele, mchoraji ameipa mwanga ama ameitupa kivulini. Hapo ndipo huwa naonja mchoro uko na moyo gani. Kwa Bosschaert matundu ya majani yako chini, mwanga ni ule ule kila mahali, kila ua limekutazama kama picha ya kitambulisho. Ni mchoro mtulivu, mtu hajaumia. Hata lile lililoanguka limeanguka kwa adabu.

Mchoraji Rachel Ruysch ni kitu kingine kabisa na hapa nitakaa kidogo, nivumilie. Alizaliwa 1664, babake Frederik Ruysch alikuwa profesa Amsterdam, mtu wa maiti na mimea, alikuwa na ufundi wa kuhifadhi miili isioze, na nyumbani kulikuwa na makumbusho yake watu wanakuja kuona, vichanga ndani ya chupa, mkono wa mtoto umevalishwa kitambaa cha lesi. Inasemekana bintiye ndiye alimsaidia kupamba hivyo vitu. Mwaka 1717 Peter Mkuu wa Urusi aliununua mkusanyiko huo kwa gilda 30,000. Sasa wewe fikiria msichana amelelewa pale, kifo kimewekwa rafu na lesi, alafu akiwa na miaka 15 anapelekwa kujifunza kuchora maua kwa Willem van Aelst. Lazima maua yake yangekuwa tofauti.

Na ni tofauti. Yake hayasimami, yanapinda. Shina linatoka kushoto linaenda juu linajikunja, ua moja limekupa mgongo kabisa, unaona makalio ya waridi na zile jani ndogo za chini tunazoangalia sisi kama zina ukungu, na anakuonyesha hivyo kwa raha kabisa. Nyuma giza, na giza lake sio la ukutani, ni kama maua yanatoka kwenye shimo na mwanga umeyakuta kwa ghafla. Wadudu wake wana shughuli, kila mmoja na safari yake. Kuna uhai mwingi mpaka unahisi wasiwasi, ndio neno, wasiwasi, kama nyumba ya watoto wengi ambayo ghafla imenyamaza. Na watoto alikuwa nao, kumi, na bado akawa mchoraji wa mtawala wa Düsseldorf, Ujerumani, na bado mwaka 1723 yeye na mumewe wakashinda bahati nasibu ya gilda 75,000 (mimi hapo ningeacha kazi siku hio hio, yeye hakuacha). Kazi zake za mwisho aliandika na umri wake pale pembeni ya jina, 83. Naipenda sana hio. Umechora vitu vinavyonyauka miaka zaidi ya sitini alafu unaandika kwa fahari kwamba wewe bado.

Yule Jan van Huysum aliyekuja baada yake, sitakaa sana, kwangu anang'aa kupita kiasi. Ila kuna barua yake ya 1742 anamwambia mteja kwamba mchoro haujaisha kwa sababu hajapata waridi la manjano, inabidi angoje. Michoro yake mingine ina tarehe mbili kwa sababu hio. Wateja wetu wangepiga simu saa mbili asubuhi. Na yeye ndiye alifungua madirisha tena, giza la nyuma likaanza kuwa bustani na asubuhi, na kitu cha ajabu ni kwamba maua yale yale, nzi yule yule, ukiyawekea mwanga wa asubuhi nyuma hakuna anayekumbuka kifo. Kama unataka kujua mchoro unataka ujisikie aje, funika maua kwa kidole uangalie nyuma tu.

Alizeti za Van Gogh kila mtu anazijua, ziko kwa vikombe, mikoba, soksi, na kila mtu ameambiwa ni furaha. Zichunguze kwanza. Alichora Arles, kusini mwa Ufaransa, Agosti 1888 za kupamba chumba cha rafiki yake Gauguin aliyekuwa anakuja, anachora kwa haraka tangu jua likichomoza kwa sababu zinalala upesi. Na ndani ya chombo kimoja kuna iliyo wazi, kuna iliyomwaga petali zote imebaki kichwa cha mbegu, kuna shingo imekatika. Hio ni furaha ya mtu anaengoja mgeni na amefagia mara tatu. Mwenyewe baadaye aliandika kwamba zinasema shukrani. Na ile manjano yenyewe, kromi, inabadilika ikipigwa na mwanga, inaelekea kahawia polepole, kwa hiyo hata rangi inanyauka huko makumbusho.

Alafu nikafika kwa Manet, mchoraji wa Ufaransa, na utaratibu wangu wote ukakwama.

Ni michoro midogo, ya 1882 na mwanzo wa 1883. Alikuwa mgonjwa, miguu imemshinda, hawezi kusimama kufanya kazi kubwa, na marafiki wanakuja kumwona na maua. Basi anachora walicholeta. Kuna mmoja uko Musée d'Orsay Paris, makarnesheni na maua ya zambarau kwenye chombo cha kioo cha mraba. Nikazumu nikitafuta kasoro kama kawaida yangu. Hamna. Hakuna nzi, hakuna tundu, hakuna petali iliyoanguka, hakuna fuvu wala saa, zile alama za kifo. Maua mabichi, na kwenye kioo unaona mashina ndani ya maji, amepiga brashi mara chache tu, na maji ni safi, na mtu yeyote wa maua atakwambia maji safi namna hio ni ya leo. Kesho huwa yameanza kuwa na ukungu. Hayo maua yamewekwa kwa maji asubuhi hio, na amechora hio siku, na hajataka kuongeza hata saa moja mbele. Alikatwa mguu Aprili 1883 na siku kama kumi baadaye, tarehe 30, akafa, miaka 51.

Nimezoea kasoro iwe ndani ya shada, hapa iko upande huu, kwa kiti cha anayetazama. Na ukitumia orodha ya waridi ni mapenzi, karnesheni ni sijui nini, utapita pale kama mtu amepita nje ya wodi.

Yule mama wa meza yangu mwaka jana aliugua, akalazwa, akarudishwa nyumbani hajapona sana. Nilienda kumwona. Sikuwa na hela ya bunchi ya maana, nikanunua rejekti kwa kijana mmoja barabarani, stemu kumi na kitu za nyekundu zimefungwa na raba, nikafika nayo nikiona aibu, manake huyo ndiye mtu wa mwisho duniani unaweza kumpelekea rejekti. Binti yake akatafuta cha kuzitia, akaleta jagi la plastiki la juisi. Mama akaomba aletewe kitandani kwanza. Akaanza, moja moja, anazungusha, kichwa, petali, shingo, vidole vimekonda lakini mwendo ni ule ule. "Thripsi," akasema. "Hii imefunguka sana. Hii nayo shingo." Nikamwambia mama si upumzike. Akafika kwa moja ina doa la kahawia kwa petali ya nje, kubwa, halifichiki. Kazini ungeing'oa hio petali upesi supavaiza asiione, sote tulifanya. Akaishika, nikajua anaenda kuing'oa. Hakuing'oa. Akaniuliza kama bado naangalia yale mambo ya kalenda kwa simu, nikasema ndio, akacheka kwa pua.

Binti yake alipoweka jagi kwa meza lile doa likaangalia ukutani. Mama akamwambia aligeuze.